Marehemu Aliyeleta Pilau

Ilikuwapo nchi moja, na nasikia bado ipo, ambayo jina lake silitaji kwa sababu wenyewe ni wepesi wa kununa na balozi wao anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Ni nchi nzuri. Watu wake wana desturi moja ya kupendeza: wanaume wawili wakikutana njiani hupeana mikono kwa salamu, na kwa kuwa habari za nyumbani ni nyingi, husahau kuachiana. Utawakuta watu wazima na ndevu zao wameshikana vidole kuanzia sokoni mpaka posta, mmoja anasimulia kesi ya shamba, mwenzake anaitikia. Hakuna aliyewahi kulitazama jambo hilo mara mbili, mpaka siku maji yalipokatika.

Yalikatika mji mzima, kwa matajiri na kwa maskini, na hapo ndipo serikali iliposhtuka, kwa sababu hayakuwa yamewahi kukatika kwa matajiri. Wahandisi waliitwa Ikulu. Wakaeleza kwa adabu kwamba mabomba mapya yaliyofukiwa chini yalikuwa ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya chuma, na kwamba bei ya mabomba ya kweli ilikuwa imejenga ghorofa ambalo waheshimiwa, wakigeuza shingo kidogo, wangeliona dirishani. Wakashukuriwa na kufukuzwa kazi. Kisha wakaitwa Sheikh Nyange wa Msikiti Mkuu na Askofu Gervasi wa Kanisa Kuu, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu ule ugomvi wa vipaza sauti. Mtukufu Kiongozi akawauliza Mungu amekasirishwa na nini.

Wazee hao wakaanza kuzipitia dhambi moja moja mbele ya Baraza la Mawaziri. Walipotaja wizi, mawaziri wakatazama saa zao. Walipotaja zinaa, mmoja akakohoa, na kikohozi kikaizunguka meza nzima. Uongo uliahirishwa kwa sababu Bunge lilikuwa katikati ya kikao. Kula mali ya yatima, kudhulumu wajane, kiburi, ulevi: kila dhambi ilikuwa na mwenyewe humo chumbani, na mwenyewe alikuwa na cheo. Jasho lilikuwa limeanza kuwatoka watu ndipo sauti kutoka nyuma ikataja wanaume wanaopenda wanaume, na chumba kizima kikashusha pumzi. Ilikuwa dhambi ya watu wengine. Sheikh na Askofu wakakubaliana papo hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakataka kukumbatiana, halafu wakafikiri tena na kupungiana mkono.

Sheria ya Umbali ikapita siku hiyo hiyo. Kwa kuwa hakuna aliyejua dhambi yenyewe inatambulikaje kwa macho, wataalamu walishauri izuiwe mapema, yaani kwenye kugusana. Mwanamume asimguse mwanamume, wala asimkaribie chini ya pima moja. Wizara ya Maji ikaunganishwa na Wizara ya Maadili ili maadili yakishapatikana, maji yafunguliwe bomba. Likabaki swali moja. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa pande mbili. Lakini mikono ya nani?

Hapo ndipo alipopatikana Shaibu Kondo.

* * *

Shaibu alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mirefu kiasi kwamba marehemu mama yake hakuwahi kumshonea kanzu bila kuunga kitambaa kwenye mikono. Alisimamishwa mbele ya Baraza, akanyooshwa kulia na kushoto, na ufito ukakatwa sawa na urefu huo, kuanzia ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Ukaitwa Ufito wa Taifa. Yeye mwenyewe akafanywa Mkurugenzi wa Idara ya Umbali, akapewa nyumba ya serikali, gari na dereva, ingawa dereva ilibidi akae kwenye buti ili pima itimie.

Nchi ikabadilika. Msikitini, ambako waumini husimama bega kwa bega, safu zilivutwa mpaka mtu wa mwisho akawa anasujudu ng'ambo ya barabara, kwenye bucha, mbuzi wakimtazama. Kanisani Askofu Gervasi alimbariki shemasi mpya kwa kumwekea kichwani ncha ya ufagio. Vinyozi walifunga nyembe kwenye vijiti, na mji ukawa na masikio ya namna nyingi. Mchezaji akifunga bao alikwenda kuukumbatia mlingoti wa bendera ya kona, mpaka Idara ilipokaa kikao kuamua kama mlingoti ni mwanamume. Polisi ndio waliopata tabu zaidi. Mwizi akikimbizwa aligeuka, akafungua mikono, na polisi wakarudi mbio walikotoka.

Ile desturi ya kushikana mikono haikufa, maana desturi haifi kwa amri. Watu walianza kutembea wameshika ncha za ufito, huyu huku na yule kule, wakipeana habari kwa kupaza sauti, hata siri za wakwe zao zikajulikana mtaa mzima. Barabara zikazibwa na fito. Maji, hata hivyo, hayakurudi. Wizara ilieleza kwamba Mungu alikuwa bado anahakiki takwimu.

Shaibu aliifanya kazi yake kwa uaminifu, kwa sababu alikuwa mtu wa vipimo na ufito ulikuwa kipimo. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu ambaye akiambiwa jambo na mtu mwenye meza kubwa, huliamini. Lakini alikuwa na mdogo wake.

* * *

Idarusi Kondo aliishi Mtaa wa Kisimani pamoja na Anselmi, mwoka mikate. Walikuwa wameishi pamoja tangu wakiwa na nywele nyeusi. Idarusi alikuwa fundi wa saa na mwadhini wa msikiti wa mtaa; Anselmi alikuwa Mkristo wa kanisa la mlimani na kila Krismasi alipeleka mkate wa maziwa kwa Sheikh, naye Sheikh aliula. Mtaa ulijua. Watoto walijua. Wanawake wakimtafuta Idarusi walimwuliza Anselmi, "Mwenzako yuko wapi?" na hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Lilikuwa jambo lililokaa katikati ya mtaa kama mkeka sebuleni: watu walilikalia na maisha yakaendelea.

Sasa sheria ilipokuja, watu wa Kisimani walitakiwa kushtuka, nao hawakuweza. Wizara ikalazimika kuleta Semina ya Kushtuka. Mkufunzi alisimama uwanjani akawafundisha namna ya kuweka kiganja kifuani, kurudi nyuma hatua na kutoa macho. Waislamu walipewa maneno yao ya kusema na Wakristo yao. Wengi walifeli. Bibi mmoja alirudishwa darasani mara kadhaa kwa sababu kila alipotakiwa kushtuka alikumbuka kwamba Idarusi ndiye aliyemtengenezea saa ya ukutani bila kumtoza kitu, akaishia kutabasamu.

Habari zilipofika juu, Waziri wa Maadili na Maji, Mheshimiwa Ngwali, alimwita Shaibu ofisini, akamweka upande wa pili wa chumba.

"Ndugu Mkurugenzi, nasikia una mdogo wako."

"Ninaye, Mheshimiwa."

"Ninaye," alisema Waziri, akilitafuna neno taratibu, "au nilikuwa naye?"

Shaibu alitazama viatu vyake. Alifikiria ile nyumba, lile gari, na jinsi watu walivyokuwa wakimpisha sokoni. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alisema alikuwa naye.

Katika nchi hiyo kila jioni kabla ya taarifa ya habari husomwa matangazo ya vifo. Msomaji alikuwa Bi Leokadia, mama wa makamo mwenye sauti tamu kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa walijiachia kabla ya wakati wao ili wapate kutajwa. Na redio ya taifa haikosei. Hilo halikuwa sifa, lilikuwa kifungu cha katiba: redio ni kinywa cha Mtukufu Kiongozi, na kinywa hicho hakisemi lisilokuwapo. Jioni hiyo ilitangaza kwamba Ndugu Shaibu Kondo anasikitika kuwaarifu ndugu na jamaa kifo cha mdogo wake, Idarusi. Tangazo lenyewe liliandikwa "kifo cha kimaadili", lakini neno la mwisho lilikatwa kwa kukosa muda, maana baada yake kulikuwa na tangazo la sabuni.

* * *

Msiba ukawekwa nyumbani kwa baba yao, Mzee Kondo. Watu walikuja na nyuso za huzuni, wakaketi kwenye mikeka pima pima, wakasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Idarusi, aliposikia kwao kuna msiba, alifanya lile ambalo angefanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Alipika. Saa sita mchana alitokea mlangoni na sufuria la pilau, yeye ameshika mkono huu na Anselmi ameshika ule, wakaliweka barazani, wakatoa pole na kuondoka.

Waombolezaji walitazamana. Hakukuwa na mwongozo wa Wizara kuhusu pilau ya marehemu. Lakini harufu ya bizari ilikuwa inazunguka, na watu walikuwa hawajala. Wakala. Mmoja wao, akilamba vidole, alisema marehemu alikuwa na mkono wa viungo, Mungu amlaze pema, na wengine wakaitikia amina.

Mzee Kondo alikula sahani mbili. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alichukua bakora yake akatoka. Shaibu, aliyekuwa amekuja kumwamkia kama kila Ijumaa, akamwuliza anakwenda wapi.

"Kuzuru kaburi la mwanangu," alisema mzee.

Alirudi jioni amenenepa tumbo, kanzu inanukia samaki wa kupaka. Tangu hapo hakukosa Ijumaa hata moja. Wakati mwingine alirudi na mkate wa moto kwapani, akieleza kwamba ameuokota makaburini. Kaburi hilo, inaelekea, lilikuwa na karata pia, maana kuna siku alirudi akilalamika kwamba Anselmi ameiba turufu.

Shaibu alikaa kwenye nyumba yake ya serikali, ambayo bomba lake lilikuwa linatoa hewa, akamwonea wivu baba yake. Alimkumbuka mdogo wake. Alimkumbuka walivyolala kitanda kimoja utotoni, Idarusi akimpiga mateke usingizini. Tena kule Kisimani kulikuwa na maji: kisima kilichokuwa uani kwa marehemu hakikuwahi kukauka, na wake za mawaziri walituma watumishi wao wa kike na ndoo. Wizara ilipoulizwa inakuwaje Mungu awanyime maji watu wa Ikulu na kuyaacha uani kwa wale wawili, ilijibu kwamba yale yalikuwa maji ya majaribu na wanaoyanywa wanayanywa kwa tahadhari.

Ijumaa moja mzee aliporudi alikaa kitandani, akamwita Shaibu aje karibu. Shaibu akasogea mpaka mwisho wa ufito. Mzee akautazama ule mti kama anayetazama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

"Nikifa mnioshe ninyi wawili," alisema. "Wewe kichwani, mdogo wako miguuni."

"Baba, sheria hairuhusu mwanamume kumgusa mwanamume. Na mdogo wangu ni marehemu."

"Mimi nilipokuwa nakuosheni ninyi," alisema Mzee Kondo, "sikumwuliza mtu." Akageukia ukutani akalala.

* * *

Ikumbukwe kwamba wafu wa nchi hiyo walikuwa kwenye matatizo. Mwanamume huoshwa na wanaume, na wanaume walikuwa hawagusani. Wenye wake waliokolewa na wake zao. Waliobaki walioshwa na jamaa zao kwa siri, milango imefungwa, na Idara ilipita ikitazama upande wa pili. Lakini Mzee Kondo alikuwa mgane, hakuwa na binti, na alikuwa baba wa Mkurugenzi. Msiba wake usingeweza kufungiwa mlango.

Alifariki Ijumaa baada ya kula, akiwa kwenye kiti cha uvivu kando ya kisima, karata mkononi. Anselmi ndiye aliyekwenda kuleta habari. Aliingia Idara ya Umbali unga ukiwa umemganda mikononi mpaka kwenye viwiko, akasimama pima moja kutoka mezani kama ilivyoelekezwa.

"Shemeji," alisema, "mzee ametutoka."

Makarani waliohitimu Semina waliweka viganja vifuani, wakarudi nyuma hatua, wakatoa macho. Wote walimtazama Mkurugenzi wasikie atakavyolikanusha neno lile. Shaibu alikuwa analia. Hakulikanusha. Alichukua ufito wake kwa mazoea, akatoka nyuma ya Anselmi.

Walipofika Kisimani, serikali ilikuwa imefika kabla yao. Mheshimiwa Ngwali alikuwa uani amevaa suti nyeusi. Sheikh Nyange alikuwepo, na Askofu Gervasi alikuja kwa ajili ya umoja wa kitaifa. Gari la redio liliegeshwa mlangoni, Bi Leokadia akiwa ndani na kipaza sauti chake, kwani msiba ulikuwa unarushwa moja kwa moja. Wanaume wa mtaa walisimama pima pima mpaka nje barabarani. Na katikati ya ua, chini ya shuka jeupe, alikuwa amelala Mzee Kondo kwenye kitanda cha kuoshea, alikolazwa na wanawake wa mtaa, na hakuna mwanamume aliyekuwa amemgusa. Jua lilikuwa kali.

Waziri alihutubia. Alisema taifa limempoteza mwanamume aliyekaa mbali na wanaume wenzake kwa uadilifu mkubwa. Alisema Mzee Kondo alikuwa nguzo, na nguzo hazigusani, zikigusana si nguzo tena bali ni kuni. Alieleza mafanikio ya Wizara katika kupunguza ukaribu. Aliahidi maji. Nzi wakaanza kuja.

Shaibu alimwuliza Sheikh nani atamwosha baba yake. Sheikh Nyange akajikuna ndevu. Alisema dini inasema wazi kwamba maiti aoshwe, na sheria inasema wazi kwamba asiguswe, na yeye ndiye aliyeomba zote mbili ziwe wazi. Baada ya kufikiri akapendekeza maiti apakwe vumbi safi kwa ncha ya Ufito wa Taifa, kutoka mbali, na Mungu ni mwingi wa kusamehe.

"Baba yangu apakwe vumbi kwa mti," alisema Shaibu, "na kisima hiki hapa kimejaa?"

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Idarusi, mikono ya kanzu imekunjwa, ndoo ya maji mkono mmoja na majani ya mkunazi yaliyopondwa mkono wa pili. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi. Shaibu hakuwa amejua hilo.

"Simama hapo," alisema Waziri. "Wewe ni mwanamume, huyu ni mwanamume. Ukimgusa ni jela."

Idarusi akaitua ndoo. "Samahani, Mheshimiwa. Mimi ni marehemu. Redio ilisema."

Mwanasheria wa Wizara akaitwa kutoka mwisho wa safu, akashauriana na Waziri kwa kupaza sauti, mtaa wote ukisikia. Kama huyu yuko hai, basi redio ilikosea. Redio haikosei. Kama redio ilikosea, basi kinywa cha Mtukufu Kiongozi kilisema uongo. Mwanasheria alipofika hapo alishikwa na kigugumizi, akaomba maji, akakumbuka hakuna. Kuhusu wafu kuwagusa wafu, alimalizia, sheria iko kimya.

Waziri akamgeukia Idarusi. "Marehemu aendelee," akasema.

Idarusi akapiga bismillahi. Akaosha miguu ya baba yake, ile miguu iliyokuja kwake kila Ijumaa, akasugua vumbi la njia katikati ya vidole bila haraka. Anselmi alikaa kisimani akivuta maji na kuzisogeza ndoo kwa wanawake, nao wakazipitisha mpaka kitandani. Lakini mzee alikuwa mtu wa mwili, na maiti hageuzwi na mtu mmoja. Idarusi alijaribu, akashindwa. Akainua uso.

"Kaka," alisema, "kichwa ni chako."

Shaibu alisimama na ufito wake. Ulikuwa kipimo cha mikono yake mwenyewe, na sasa ulimzuia kuitumia. Waziri akamsogelea hadi kwenye mpaka halali na kumkumbusha kwa upole kwamba yeye ni Mkurugenzi, yuko hai, ana nyumba na gari, na taifa zima linasikiliza.

Shaibu aliuweka ufito chini. Akaenda kwenye gari la redio, akainama dirishani.

"Bi Leokadia, nitangaze."

"Nikutangazeje, baba?"

"Kama ulivyomtangaza mdogo wangu."

Bi Leokadia alimtazama. Yule mama alikuwa ametangaza vifo maisha yake yote, na nadhani hakuwahi kutangaza kimoja kwa furaha kama hicho, ila sauti haikutikisika. Aliliarifu taifa kwamba Ndugu Shaibu Kondo, Mkurugenzi wa Idara ya Umbali, amefariki dunia muda huu huu, akiwa mbele ya mdogo wake aliyemtangulia. Waziri alifungua kinywa. Akakumbuka katiba, akakifunga, akavua kofia na kumkumbuka marehemu kwa dakika ya ukimya, maana kanuni za itifaki zilimtaka afanye hivyo.

Alipoivaa tena kofia yake, Shaibu alikuwa ameshakishika kichwa cha baba yake kwa mikono yote miwili.

Hakuwa amemgusa mtu yeyote wa kiume tangu siku ile alipokatiwa ufito. Alishangaa kwamba nywele za mzee zilikuwa laini. Walimgeuza upande wa kulia, wakamgeuza upande wa kushoto, wakamwagia maji ya mkunazi, kisha maji ya karafuu maiti. Mikono yao ilikutana chini ya mgongo wa baba na hakuna aliyeutoa wake. Shaibu alisema nisamehe. Idarusi alimwambia ashike vizuri, maji yanaingia puani mwa mzee.

* * *

Ikabaki jeneza. Jeneza hubebwa na wanaume, begani, watu wakipokezana, na kila mmoja hutaka angalau hatua zake chache kwa ajili ya thawabu. Marehemu wawili wasingefika nalo makaburini. Muuza nyama ndiye aliyetangulia kwenda kwenye gari la redio, akafuatwa na kinyozi, kisha mchezaji mmoja aliyechoka kukumbatia milingoti. Foleni ikazunguka nyumba. Bi Leokadia akasoma mpaka sauti ikakauka, Anselmi akampelekea maji ya kisima, akaendelea kusoma. Waliosikia redioni mitaa mingine walikuja mbio kufa. Anselmi mwenyewe alitangazwa, na Askofu Gervasi, aliyekuwa na desturi ya kumpinga Sheikh, alipoona Sheikh anasitasita akafa upesi. Sheikh Nyange akasogea mwishoni kabisa. Akamnong'oneza Bi Leokadia kwamba naye amweke, ila aseme amefariki baada ya kusalisha jeneza.

Mzee Kondo akabebwa juu ya bahari ya mabega, bega kwa bega, safu zimebana kama zamani, wafu watupu wakiitikia kwa sauti moja. Nchi haikuwahi kuona mazishi yenye uhai kiasi kile. Katika mji mkuu wote alibaki mwanamume mmoja aliye hai, na huyo alikuwa Mheshimiwa Ngwali, pamoja na Mtukufu Kiongozi ambaye hakuwa anatoka nje. Dereva wa Waziri alikuwa amekufa na kanuni haziruhusu maiti kuendesha gari la serikali. Ikambidi Mheshimiwa arudi kwa miguu, ameshika ncha moja ya ufito, na kwenye ncha ya pili hakukuwa na mtu.

Jua lilipopungua makali, watu wakatawanyika kutoka makaburini. Idarusi alimpa kaka yake mkono wa pole, kama ilivyo ada, na Shaibu akaanza kumweleza habari, nazo zilikuwa nyingi: ile nyumba yenye bomba la hewa, yule dereva kwenye buti, na jinsi alivyokuwa akinusa kanzu ya baba kila Ijumaa. Akasahau kumwachia. Anselmi alikuwa anawafuata nyuma, kwa umbali, ndoo tupu zikigongana, kwa kuwa hakujua kama anastahili kuwa karibu. Shaibu akasimama, akanyoosha mkono wake wa pili nyuma, ule mrefu.

"Njoo, shemeji."

Anselmi akazitia ndoo zote mkono mmoja, akaja. Wakatembea hivyo, Shaibu katikati, mikono imenyooka pande mbili, mdogo wake huku na mwoka mikate kule, pima kamili. Njia ya Kisimani ni nyembamba, na waliotaka kupita walisubiri nyuma yao.